Nani Alifuta Mstari wa Rispa?

Nitegulieni kitendawili hiki, wajukuu: nyumba yangu ni nyuzi tupu; ukigusa kona hii, mwenyewe anashtuka kona ile.

Mmeshindwa? Buibui. Sasa sikieni vile uzi mmoja ulivyotikisa harusi kule mtaa wa Kayole.

Rispa aliingia kwa mchumba wake Shiundu bila hodi, viatu vyake vya gambuti vikidondosha tope, akatupa karatasi mezani hadi chai ikamwagika.

"Mradi wenu umeng'oa shamba la jirani yangu Everline leo asubuhi! Sukuma wiki yote! Hii ramani si umechora wewe?"

Shiundu alifanya kazi na mradi wa kusafisha mto. Hawakuhesabu samaki peke yao. Alichora kila kiumbe na anachokula: mimea ya majini, wadudu, vyura, ndege, mpaka mashamba ya kando, vyote vikaunganishwa kwa mistari. Mistari yote ilitoa alama moja ya afya ya mto. Alama ikishuka, unafuata mistari mpaka pale ubaya ulipoanzia.

"Keti kwanza, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Alama ilikuwa sabini, sasa thelathini. Kwa nini?"

"Wadudu wamekufa. Vyura wakakosa chakula, ndege wakahama. Ni dawa ya kupulizia mboga."

"Na Everline hupulizia nini?"

Shiundu akaanza kupangusa chai mezani.

"Majivu, Shiundu! Majivu ya jiko! Anayepulizia dawa ni mimi. Bomba la kupulizia ulinibebea mwenyewe kutoka soko la Muthurwa! Haya, nionyeshe shamba langu hapa."

"Labda kompyuta ilikosea..."

"Kompyuta inanijua? Nani alifuta mstari wangu?"

"Rispa, wazee wetu wanakuja kwenu Jumamosi kuzungumzia mahari. Achana na mambo ya mto. Shamba lako liko salama."

"Na la Everline liko wapi? Yule mama ana watoto watatu! Si wewe uliniambia ukitoa kitu kimoja kwa huo mchoro, lawama inamwangukia jirani yake? Ulikuwa unanifundisha ama unajigamba?"

Akatoka, mlango ukalia paa!

Jioni meseji ya Shiundu ikaingia: "Rispa shika simu tafadhali. Mama ashanunua leso za kuwaletea."

Akajibu: "Kesho saa nne mkutano wa mto. Nitakuuliza tena mbele ya watu. Usipojibu, mwambie mama asifunge safari."

Kesho yake Everline alisimama mbele ya umati, mabua ya sukuma yaliyong'olewa mkononi.

"Mimi dawa nanunua na nini? Hata gesi sina!"

"Wote husema hivyo!" mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

Rispa akainuka. "Nyamazeni! Dawa ni yangu. Ng'oeni langu."

Mwenyekiti akatazama ramani. "Mama, shamba lako halimo humu."

"Najua halimo. Shiundu! Nani alifuta?"

Mkubwa wa Shiundu kazini akamgeukia, macho makali. Shiundu akasimama polepole. Hakumtazama Rispa. Alimtazama Everline.

"Mimi. Nilimfutia mchumba wangu, dada Everline, nikakuacha wewe ubebe sumu yake. Kazi wakichukua wachukue. Hiyo ramani ni ya uongo, na aliyeighushi ni mimi."