Minazi ya Zuena

"Nisamehe, dada!"

Haraka zake hizo! Nassibu alikuwa akipenya soko la Kariakoo na sururu begani utadhani anafukuzwa, mpini ukagonga fungu la nazi, nazi zikabiringika mpaka kwenye samaki wakavu, ng'onda wa jirani.

"Hee! Kwa lafudhi hiyo we Mnyamwezi tu. Mtani wangu, macho umeyaacha Tabora?"

Aliyesema ni Zuena, binti wa Kizaramo, kanga mpya za kisutu, wanja umekolea.

"Nimekuja nayo," Nassibu alijibu, "ila yamekuona wewe yakasahau nazi."

Zuena akacheka, na kicheko kile kikamharibia Nassibu usingizi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zamani. Utani ukawafungulia mlango, mapenzi yakaingia bila hodi.

Ulikuwa mwaka ule aliokufa Mfalme Joji, viwanja vinakatwa Kinondoni kila uchao. Nassibu alikuwa ameacha kubeba magunia bandarini ili aanze kazi yake mwenyewe, kung'oa visiki na kusawazisha viwanja vya watu.

"Wewe hata ukikaa miguu inatembea," Zuena alimtania.

"Itatulia, mpenzi. Mgoa Albano amenipa kiwanja cha kwanza. Akiridhika atanipa vingine, na mie naleta posa."

Basi Nassibu na wenzake wakafyeka, wakachimba, wakavuta kamba. Kiwanjani palikuwa na minazi mitatu. Albano alikuwa amemwambia, "Ardhi nimenunua, safisha yote." Nassibu akaangusha miwili bila kumuuliza mtu. Kwao mwenye shamba ndiye mwenye mti. Pwani sivyo: ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi wa yule aliyeupanda. Mwenyeji yeyote angeuliza kwanza, minazi hii ya nani?

Wa tatu alikuwa ameshauwekea shoka, Zuena akatokea na kikapu chake, amekuja kuangua nazi.

"Nassibu! Ni wewe?"

Kikapu kikamponyoka.

"Marehemu baba alinipandia mie! Nazi ninazouza ni za hapa!"

"Wallahi sikujua, Zuena."

"Hukujua au hukuuliza? Mtu na haraka zake! Utani una mpaka, Mnyamwezi."

Akaondoka analia. Tangu hapo Nassibu akawa kiguu na njia, Kinondoni na Kariakoo, kila akifika Zuena anampa mgongo. Chakula hakishuki, kitandani anageukageuka tu.

Mwishowe Albano akaja na kofia yake ya jua. "Mnazi ule uanguke leo, ama kazi nampa mwingine!"

Zuena naye alikuwa pale, ameuegemea mnazi wake. Nassibu akamwendea, shoka mkononi.

"Zuena, naomba mnazi wako."

"Sitoi."

Wenzake wakatazamana. Nassibu alijua akiinua shoka biashara imepona, akilitua imekufa. Akaliweka chini.

"Bwana Albano, mti una mwenyewe, na mwenyewe amekataa."

"Basi kazi huna! Toka!"

Albano akaondoka akifoka, ila mnazi hakuugusa. Kesi ya mnazi kwa liwali inamaliza soli za viatu, hilo alilijua. Nassibu akaanza kukusanya majembe, machozi yanamlenga. Zuena akamtazama mpaka moyo ukamlainika.

"Umeikosa kazi."

"Nimeikosa. Na wewe nimekukosa?"

"Miwili ile sijakusamehe, usijidanganye."

"Najua. Lakini safari hii nauliza kabla. Utakubali nikuoe?"

Zuena akavuta kanga usoni, naye anatabasamu huku analia.

"Mie siulizwi kiwanjani, mtu umejaa udongo hivyo. Tafuta mshenga, aje nyumbani kwa heshima."

Akachukua kikapu, akapiga hatua, kisha akageuka.

"Na aje kesho asubuhi, Nassibu. Mama bado hajaviona visiki vile viwili."