Gari ya Viazi Hujaribiwa kwa Viazi

Saidati aliamka alfajiri, akaswali, akachemsha chai, kisha akasimama uani kwake Nengo, mjini Gisenyi, akiitazama pikapu yake ya mazutu, yaani dizeli. Pikapu ilikuwa imelala pale wiki ya tatu sasa. Injini ilikuwa imekufa, na fundi alikwisha kusema haitafufuka.

Kwa miaka kumi na mitano Saidati alikuwa akipanda mlimani Busasamana na mbolea na mbegu, na akishuka na viazi. Aliendesha mwenyewe. Wanawake wa Goma walimngoja asubuhi kwenye bariyeri, pale mpakani na Kongo, na hakuwahi kuwaangusha. Lakini tangu pikapu ife, magari ya kukodi yalikuwa yakifika saa nne, saa tano. Jana wateja wake wawili walikuwa wamekwenda kwa mwuzaji mwingine. Wakiondoka na wengine, kazi ya miaka kumi na mitano imekwisha.

"Mama Rwema, leo tunapata gari," alisema mumewe, Mudathiru. Mudathiru alikuwa fundi cherehani, mtu mpole aliyekulia Kigoma. "Wale wa pikapu za umeme wameweka duka karibu na ziwa. Nimeziona. Zinang'aa!"

"Iko nabeba viazi ao iko nang'aa tu?" Saidati aliuliza.

Mudathiru alicheka. Kichwani mwake kulikuwa na harusi ya mpwa wake, Belyse. Na watu wa Gisenyi mnawajua kwa msafara wa harusi! Magari hupita moja moja kando ya ziwa, na shangazi wote huhesabu. Gari la ukoo likiwa baya, utasikia habari zake hata kwenye msiba.

Dukani walipokewa na mwuzaji aitwaye Ndahiro, shati limenyooshwa, viatu vinameta. Alimpa Mudathiru mkono. Saidati akapewa tabasamu tu.

"Muzee, hii ni fulu opsheni," alisema Ndahiro. "Ina nguvu kama simba. Viti vya ngozi. Kioo kikubwa cha kugusa. Magurudumu mapana. Kwa bei hiyohiyo iko ile nyeupe ya kazi, yenye betri ya kati. Lakini muzee kama wewe, ile ni ya nini?"

"Na hii iko na betri gani?" aliuliza Saidati.

"Muzee, betri yake ni ndogo, lakini inakwenda kilomita mia mbili hamsini," Ndahiro alimjibu Mudathiru.

"Iko nabeba kilo ngapi kupanda Busasamana?"

"Muzee, viti vinapashwa joto! Huko juu kuna baridi."

Lo! Saidati alihisi damu inampanda. Yeye ndiye dereva. Yeye ndiye anayejua kila kona na kila jiwe la barabara ile. Na huyu bwana anamjibu mumewe, kana kwamba yeye ni gunia!

"Kijana!" alisema, na duka zima likageuka. "Niko nakuuliza kilo, we unanijibu kiti! Viazi vyangu vinakaa kwenye kiti? Unaona mi ni muzigo hapa?"

"Mama, tulia kidogo..."

"Situlii! Baba Rwema, twende."

Mudathiru alimfuata, ameinamisha kichwa. Lakini njiani alinong'ona, "Viti vilikuwa vizuri, lakini."

"Uvikalie kwenye harusi ya Belyse siku moja, na mi nikwame mulimani mwaka muzima?" Saidati aling'aka.

Jirani yao Laurence alifanya kazi kwenye kituo cha kuchaji betri za moto, yaani pikipiki za umeme. Saidati aliingia pale akiwa bado na hasira.

"Laurence, sasa nanunua ile yenye betri kubwa kupita zote! Wasiniletee mambo."

"Yewe, Mama Rwema! Hasira hasara," alisema Laurence, akamsogezea kiti. "Betri kubwa kabisa iko nzito. Ile uzito unakula uzito wa viazi yako. Na unalipa chaji hautumie. Ngoja kwanza. Kwa siku unapanda mara ngapi?"

"Mbili. Lakini siku za soko, tatu."

"Bon. Pima kwa siku mubaya, hapana kwa siku muzuri. Donc, tatu."

Laurence alifafanua polepole. Ile namba ya dukani, kilomita mia mbili hamsini, ilipimwa gari likiwa tupu, halina mlima wala matope. Ukipakia mzigo ukapanda, namba inashuka. Baridi ikiwepo, inashuka tena. Magurudumu mapana nayo yanakula chaji.

"Tena usipende kujaza mpaka mia kila siku, na usiache ikauke," alisema. "Kwa kazi ya kila siku, anza na themanini, rudi nyumbani kabla ishuke chini ya ishirini. Ile ya kubaki ni ya mvua, na ya siku barabara inafungwa, unazunguka."

"Na kilo? Yule mutu hakunijibu kilo!"

"Hauna haja na yeye. Fungua mulango ya dereva. Pale chini iko kibandiko. Kilo iko imeandikwa."

Saidati alipiga paja. Jibu lilikuwa mlangoni muda wote, na yule bwana alikuwa ameuegemea mlango uleule!

"Donc fanya hivi," Laurence alisema. "Ijaribu na viazi. Akikataa, we pia kataa."

Kesho yake Saidati alirudi dukani kwa gari la kukodi, na magunia manane ya viazi, kila moja kilo mia. Mudathiru na Laurence walikuja naye. Ndahiro alishika kichwa.

"Mama, hapana! Viazi vina udongo. Gari ni jipya!"

"Eh! Gari ya kubeba inaogopa udongo?" Saidati alipaza sauti. "Basi andika pale mulangoni kwamba hamuuzie wakulima! Andika, watu wasome!"

Wapita njia walianza kusimama. Bosi wa duka alitoka ndani, akatazama watu, akatazama magunia, akasema kwa haraka, "Ndahiro, mpe."

Saidati alifungua mlango wa fulu opsheni, akainama, akasoma kwa sauti. "Kilo mia sita hamsini."

Mudathiru alisogea kusoma mwenyewe. "Yaani ukitoa watu wawili, magunia matano tu?" aliuliza. "Bwana, jana ulituambia gari hili lina nguvu kama simba!"

"Vile vitu vya fulu opsheni vina uzito, muzee," Ndahiro alisema kwa sauti ndogo.

"Na jana ulikuwa unajua?"

Mudathiru, yule mpole, alimpa kisogo, akanyanyua gunia la kwanza.

Walipakia magunia matano. Saidati alishika usukani, Ndahiro akakaa kando yake. Mpaka Busasamana ni kama kilomita ishirini na mbili. Kwa namba ya dukani, kule kupanda kungekula sehemu tisa za chaji kati ya mia. Ilikula ishirini na nne. Kwenye kushuka gari likijizuia lilirudisha chaji kidogo na kutumia kidogo, kwa hiyo walifika chini na hesabu ileile.

"Zidisha mara tatu," alisema Laurence.

"Sabini na mbili," alisema Mudathiru. "Ukianza na themanini, unabaki na nane. Nane! Huko juu, kwenye mvua! Mke wangu angelala njiani na viazi!"

Saidati na Ndahiro wakaingia kwenye ile nyeupe ya kazi, viti vya plastiki, kioo kidogo. Mlangoni iliandikwa kilo mia tisa hamsini. Magunia yote manane yaliingia. Walipanda, wakashuka. Ilikula kumi na nane.

"Mara tatu ni hamsini na ine," alisema Saidati. "Nabaki na makumi mbili na sita. Hii ndiyo."

"Sasa omba dhamana ya betri kwa maandishi," Laurence alimkumbusha. "Miaka ngapi, na ni nani anaitengeneza hapa Rwanda. Na kwenu, fundi wa umeme avute waya munene. Ile waya ya pasi itaunguza nyumba. Chaji huku chini, hapana kule juu. Ukishuka betri imejaa, ile chaji ya kushuka haina pa kuingia."

Siku ya kuchukua gari, fundi wa umeme alikuwa amekwisha kuvuta waya, na karatasi ya dhamana ilikuwa mkobani mwa Saidati. Ndahiro alitoa ufunguo. Kwa mazoea yake, alimnyooshea Mudathiru.

Mudathiru aliweka mikono yake nyuma.

"Mwenye gari ni huyo," alisema. "Na umwangalie ukimpa."

Sasa Saidati yuko bariyeri kabla ya saa moja. Wale wateja wawili wamerudi, na mmoja amekuja na dada yake. Siku ya harusi ya Belyse, pikapu nyeupe ilipita katikati ya msafara, imejaa sufuria na kreti za fanta. Shangazi mmoja aliuliza kwa nini gari la ukoo halina viti vya ngozi. Mudathiru alimfungulia mlango wa dereva.

"Shangazi, inama usome," alisema.

Juzi mama mmoja wa Busasamana alimfuata Saidati sokoni. Alisema anataka pikapu ya umeme, na dukani wamemwambia kilomita mia nne, bila tatizo.

Saidati alikunja uso. Ile hasira ilikuwa haijapoa, na hakutaka ipoe. Aliteremka garini, akafungua karoseri, pale nyuma pa mizigo.

"Kuja tupakie haya magunia manane," alisema. "Nakusindikiza mpaka pale dukani. Usiweke sahihi hata moja mpaka yapande mulima na yarudi. Na yule kijana akianza mambo ya viti, mi niko mulangoni."