Nguzo ya Jumatano

Mume wangu ni kinyozi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo saluni yake. Kina kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na benchi refu la kusubiri. Mimi nasuka wanawake barazani, nje ya mlango huo huo. Kila anayeingia namwona. Na kila anachosema mume wangu nakisikia, hata yale asiyotaka niyasikie.

Tuna binti mmoja, yuko darasa la tano. Anaongea toka anapoamka mpaka anapolala, ndiyo maana tunamwita Chiriku. Chiriku ni golikipa wa timu ya wasichana shuleni kwao. Timu hucheza kila Jumatano alasiri. Na kila Jumatano asubuhi huuliza swali lile lile.

"Baba, leo utakuja?"

"Nikipata nafasi, mama."

Nafasi haikupatikana hata mara moja. Baba mtu hakuwahi kumwona mwanawe akidaka mpira.

"Ahadi ni deni, Baba Chiriku," nilimwambia.

"Jumatano saluni inajaa, mke wangu. Kwani huoni?"

Nilikuwa naona. Kweli ilikuwa inajaa.

Siku moja mwalimu wa hisabati aliwafundisha kina Chiriku grafu ya nguzo. Kisha akawaagiza wakusanye takwimu nyumbani kwa wiki nzima, yaani wahesabu kitu na kukiandika, halafu wachore. Wenzake walichagua kuhesabu kuku na vikombe. Chiriku akamfuata baba yake kwenye kiti, mteja akiwa amenyolewa nusu.

"Baba, nikikuonyesha siku yenye kazi ndogo kuliko zote, utafunga siku hiyo?"

"Ukinionyesha, nafunga. Lakini si kwa maneno. Maneno yako nayajua."

"Hata ikiwa Jumatano?"

Baba akacheka mpaka mashine ikatikisika. "Hata ikiwa Jumatano!"

"Kinyozi, chunga sikio langu," mteja akasema.

Chiriku akabandika karatasi mlangoni, akaandika siku zote za wiki. "Mama, nikiwa shuleni nisaidie. Kila mtu akiingia, chora kijiti kimoja."

Nikachora. Vidole vilijaa mafuta ya nywele, lakini nilichora.

Wiki ilipoisha, Chiriku alikaa sakafuni akahesabu vijiti na kuchora grafu yake. Alipomaliza, akanyamaza. Chiriku kunyamaza! Nikajua kuna jambo. Nikaenda kuchungulia. Nguzo ya Jumatano ilikuwa ndefu kupita zote.

Baba yake naye akaiona. Wala hakufurahi kushinda. "Pole, mama," akasema taratibu. "Ndiyo kazi ilivyo."

Mtoto akaangua kilio. Roho iliniuma jamani. Mara akashika kifutio. "Naifupisha hii nguzo!"

Wakati huo huo jirani yetu aliingia na mwanawe wa kunyolewa. Jirani huyu ni nesi wa zahanati. Kila mwezi huchora grafu ya wagonjwa na kuibandika ukutani kazini kwao.

"Weka kifutio chini, mwanangu," akasema. "Grafu haibembelezwi. Tuitazame kwanza." Akachuchumaa. "Mbona nguzo ya Jumamosi ni pana hivi?"

"Jumamosi wanakuja wanaume wanene."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Chiriku mwenyewe alicheka, machozi yangali mashavuni.

"Na ya Ijumaa mbona inaelea hewani?"

"Nilianzia pale nilipopata nafasi."

"Haya. Shemeji, niazime kitana." Nesi akakisimamisha kitana, meno yakitazama juu. "Angalia. Kila jino lina upana ule ule. Nafasi kati ya meno ni ile ile. Na yote yameota kwenye mstari mmoja. Chora nguzo zako hivyo. Kitakachotofautiana ni urefu tu, maana urefu ndio unaoonyesha idadi."

Mume wangu akakitazama kitana chake kana kwamba kimenunuliwa leo.

"Sasa niambie," nesi akaendelea, "hivi vijiti ni vya nini?"

"Vya watu," Chiriku akajibu.

"Watu gani?"

"Wanaoingia."

"Wote hunyolewa?"

Hapo nikashika kichwa. Lo! Jumatano ndiyo siku ya dereva mmoja mstaafu wa mtaani kwetu. Siku hiyo mke wake huenda kwa dada yake, naye hawezi kukaa nyumbani peke yake. Basi huja kwetu na ubao wake wa drafti, na wenzake humfuata. Wanaingia, wanatoka kupunga upepo, wanarudi. Kila waliporudi niliwachorea vijiti upya. Mmoja wao, fundi viatu, peke yake alikuwa na vijiti tele, na upara wake hauna hata unywele wa kunyoa!

"Jumatano linalojaa ni benchi," nikasema. "Kiti hakijai."

"Ndiyo maana kabla ya kuhesabu, uamue unahesabu nini," nesi akamwambia Chiriku. "Unataka kuijua kazi ya baba. Basi hesabu waliokaa kwenye kiti wakanyolewa."

"Na ndevu je?" mume wangu akadakia.

"Kichwa na ndevu zake ni mtu mmoja, shemeji. Usitafute ujanja."

Wiki iliyofuata tukaanza upya. Mtu akiinuka kitini, kijiti kimoja. Kijiti cha tano tulikilaza juu ya vinne, tupate mafungu ya tano tano. Kuhesabu kukawa rahisi.

Chiriku akachora nesi akiwa kando yake. Alianza na mstari wa kulala, akaandika siku chini yake. Kisha akachora mstari wa kusimama na kuandika idadi ya watu, kuanzia sifuri. Kila mraba wa karatasi ulikuwa watu wawili. Jumatatu walinyolewa watu sita, kwa hiyo nguzo ikawa miraba mitatu. Jumanne walikuwa saba.

"Saba haigawanyiki kwa mbili," Chiriku akalalamika.

"Miraba mitatu na nusu. Nusu mraba ni mtu mmoja."

Akafika Jumatano. Vijiti vilikuwa vitatu tu. Akachora mraba mmoja na nusu. Alhamisi watu wanane. Ijumaa kumi na wawili. Jumamosi kumi na sita. Jumapili kumi. Juu kabisa akaandika: *Watu walionyolewa kwa baba wiki hii.*

Nesi akatutahadharisha kwamba wiki moja inaweza kudanganya. Tukahesabu nyingine. Jumatano ikawa fupi vile vile.

Mume wangu akaja kuitazama karatasi ile. "Kinyozi hajinyoi," akasema. "Kisogo changu nimeonyeshwa na mwanangu." Akachukua kipande cha boksi, akaandika: *Jumatano tumefunga.*

Wateja wa Jumatano hawakupotea. Walikuja Alhamisi. Wa benchi ndio walioona taabu. Walikuta mlango umefungwa, wakauliza kinyozi yuko wapi, wakatufuata uwanjani na ubao wao wa drafti.

Chiriku alipomwona baba yake nyuma ya goli, akasahau mpira. Mpira ukapita, ukaingia. Na baba yake, masikini, akapiga makofi peke yake uwanja mzima! Mtoto akacheka. Uliofuata aliurukia, akaudaka na kuukumbatia kifuani. Mume wangu akajifuta macho kwa taulo ya kazi, akasingizia vumbi. Nami nilikuwa nalia waziwazi, sikusingizia chochote.

Siku hizi grafu mpya iko kando ya kioo. Juzi mteja mmoja aliitazama akiwa kitini.

"Kinyozi, binti yako kasahau nguzo ya Jumatano. Kaacha wazi."

Mume wangu akazima mashine kwanza.

"Hakusahau," akasema. "Hiyo ni sifuri. Siku hiyo nilikuwa nyuma ya goli."