Baada ya Teke la Tecla

Kila Jumamosi Winny na mama yake walichuma majani chai tangu umande ungali shambani, kisha wakayapeleka kituoni kupimwa. Jumamosi hiyo mikono ya Winny ilikuwa na haraka isiyo ya kawaida.

"Majani mawili na kichipukizi, Winny! Mbona unanichumia hata vijiti?" mama alimkanya.

"Mama, tutachelewa! Pigano ni saa nane!"

Kijiji kizima cha Mogogosiek kilijua habari za pigano hilo. Tecla, dada mdogo wa baba yake Winny, alikuwa Nairobi akiwania mkanda wa taifa wa mapigano mchanganyiko, mchezo unaoruhusu ngumi, mateke na mieleka. Mpinzani wake alikuwa bingwa mwenyewe, Drusilla Kemuma wa Nyamira, ambaye hakuwa ameshindwa na mtu.

Hoteli ya Bwana Kimeli, yenye televisheni kubwa, ilijaa hadi mlangoni. Winny aliketi na Janefer, mwenzake wa dawati moja. Wazazi wa Janefer walitoka Nyamira kuja kufanya kazi katika shamba kubwa la chai, kwa hiyo yeye alimshangilia Kemuma.

Raundi ya kwanza Tecla alichapwa vibaya. Raundi ya pili Kemuma alishusha mkono kidogo tu. Mguu wa Tecla ukapaa, ukatua kwenye taya. Kemuma akaanguka chali, na refa akajitupa kati yao.

"Nokauti!" Kimeli alipiga kelele.

Hoteli ililipuka. Wazee walirusha kofia, wanawake wakapiga vigelegele. Baba yake Winny, mtu asiyecheka ovyo, alikuwa akilia waziwazi. "Ni dadangu huyo! Ni dadangu!" aliwaambia watu waliomjua tangu utotoni.

Winny naye alipanda juu ya benchi, akaruka, kisha akajiangusha miguuni pa Janefer, mikono kaitandaza, ulimi kautoa nje. "Mimi ni nani? Mimi ni Kemuma!" Watu wakaangua kicheko. Akarudia. Janefer aliinuka, akatoka nje.

Jumatatu Janefer alihamia dawati la nyuma. "Ni wivu tu," Winny alijiambia, ingawa siku hiyo hakuona utamu wa mchezo wowote.

Jumatano Tecla alirudi nyumbani. Watu walimlaki barabarani kwa nyimbo, wakamvika shingoni sinendet, mmea wa kuwapongeza washindi, na bibi yake Winny akampa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, anywe. Tecla alimtundikia Winny mkanda begani. Kifua cha msichana yule kilijaa fahari.

"Shangazi, tazama nilivyomwigiza!" alisema, akajiangusha nyasini.

Tecla hakucheka. Aliweka kibuyu chini. "Baada ya kumpiga, uliona nilifanya nini?"

"Sikuona. Tulikuwa tunaruka."

Tecla alitoa simu, akamwonyesha. Watu ukumbini walikuwa wakimwita jina, lakini yeye hakuinua mikono. Alipiga magoti kando ya Kemuma, akakataa kuvishwa mkanda mpaka daktari alipomwinua na akakaa mwenyewe.

"Sijawahi kuogopa vile, Winny," Tecla alisema. "Bila yeye, ningemshinda nani? Sasa niambie, ulipokuwa ukijiangusha hivyo, kuna mtu uliyemuumiza?"

Winny aliinamisha kichwa. Akaeleza yote, bila kuficha hata ulimi alioutoa.

Jioni hiyo hiyo Winny na Tecla walikwenda kwa kina Janefer, wakamkuta akiosha vyombo nje.

"Nilikucheka ukiwa na uchungu," Winny alisema. "Nisamehe."

"Watu wote walicheka," Janefer alijibu, "lakini wewe ndiye uliyeniumiza." Akamsogezea sufuria. "Basi nisaidie kusuuza."

Tecla alimpigia Kemuma simu, akampa Janefer aongee.

"Nimesikia ulinishangilia, mdogo wangu," sauti ya Kemuma ilisema. "Asante sana. Daktari ameniambia nipumzike tu. Mwambie Tecla ajiandae, nakuja kuuchukua mkanda wangu!"

Tecla alicheka mpaka akashika mbavu. Janefer aliikumbatia simu. "Baba! Bingwa ameniita mdogo wake!"

Baba yake, Bwana Sagini, alitoka, akampa Tecla mkono kwa heshima. "Umewapiga watu wetu, lakini hapa kwangu karibu chai," alisema, na wote wakacheka.

Walipokuwa wakirudi, Tecla alimshika Winny bega. "Usiache kujivunia ushindi. Shangilia mpaka sauti ikauke, maana tumeutolea jasho. Lakini furaha yako isimkanyage aliyeanguka. Anayemheshimu mpinzani wake ndiye bingwa, awe ulingoni au kwenye benchi la hoteli."

Winny alimtazama shangazi yake. Alimwonea fahari kuliko hata siku ile ya teke.