Kiti cha Mpeleka Habari

Baba Pacha alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, kwa hiyo familia nzima iliishi na sponji, vitambaa na misumari midogo. Misumari hiyo aliibana kwa midomo. Alichomoa mmoja, akapigilia, akachomoa mwingine, huku anapiga soga. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alimsema hadi akachoka.

"Siku moja utaimeza, Baba Pacha."

"Umewahi kuona nimemeza?"

"Sijaona. Ila nimeona unavyoidondosha."

Jioni, kazi ikiisha, aliwasomea wote riwaya. Alijifunza kusoma ukubwani na sasa hashikiki. Vitabu alikopeshwa na jirani yao, mama mmoja mkutubi wa maktaba ya mtaa. Kitabu cha safari hii kilihusu nchi ya kubuni. Mtawala wake alitaka kujua kila mtu anasema nini, anakula nini, hata anaota nini. Picha yake ilitundikwa kila ukuta. Watu waliimba sifa zake kabla ya kunywa chai. Aliyemchongea jirani yake alipewa nyumba kubwa zaidi.

"Hawa watu vipi?" Baba Pacha alikasirika. "Mamilioni wanamwogopa mtu mmoja? Si wakubaliane tu, wamsukume aanguke?"

Kurwa na Doto, mabinti zake pacha, walicheka. Baba yao alikigombeza kitabu kana kwamba kinasikia.

Wiki hiyohiyo mkasi ulipotea. Kisha gundi ikamwagika juu ya kitambaa cha mteja. Kila aliyeulizwa alisema si yeye. Baba Pacha akapandwa na hasira, akatunga sheria. Karakana ilikuwa na kiti kimoja cha kifahari, cha kuwaonyesha wateja. Kuanzia leo, alisema, atakayemtaja mwenzake aliyekosea atakaa kwenye kiti kile wakati wa hadithi. Atakayetajwa atakaa sakafuni.

Kurwa alimtaja Doto kwa kuacha gundi wazi. Doto akamtaja Kurwa kwa kulamba sukari. Haukupita muda, nyumba ikanyooka. Hakuna kilichopotea wala kumwagika.

"Unaona?" Baba Pacha alimwambia mkewe. "Nidhamu hiyo."

Mama Pacha alitega sikio. Pacha wake walizoea kunong'onezana kutwa nzima. Sasa kila mmoja alicheza kwenye kona yake.

Jumamosi asubuhi mkutubi alileta kiti chake kibadilishwe kitambaa. Baba Pacha alimsimulia sheria yake ya kiti, kisha akamuuliza kwa nini watu wa kitabuni hawamsukumi mtawala wao. Doto akamletea maji ya kunywa, akichechemea.

"Mguu una nini, mwanangu?" mkutubi aliuliza.

Doto alimtupia Kurwa jicho kwanza. "Hamna kitu, shangazi."

Mama Pacha akamketisha, akamvua kiatu. Unyayo ulikuwa umevimba, mwekundu, na umeanza kutunga usaha. Msumari mdogo ulikuwa umemchoma siku kadhaa nyuma.

"Kwa nini hukusema?" mama yake aliuliza.

Doto akaanza kulia. "Nilikuwa peku. Kuingia karakana peku ni kosa. Kurwa angenitaja."

"Nisingekutaja," Kurwa alisema. Akafikiri kidogo. Machozi nayo yakamtoka. "Ningekutaja."

Mama Pacha alimbeba Doto mgongoni, tayari kwenda zahanati. Kurwa akabeba kiatu, akawafuata. "Kidonda cha msumari huleta pepopunda, Baba Pacha," mama alisema mlangoni. "Na pepopunda inaua. Kidonda kama hiki hakifichwi."

Baba Pacha alibaki ameketi juu ya rundo la sponji. Mikono ilimtetemeka. Aliogopa kweli.

"Msumari ni wangu," alimwambia mkutubi.

"Najua. Na watoto wanajua unadondosha misumari. Wamewahi kukutaja?"

"Wanitaje kwa nani? Mimi ndiye ninayegawa kiti." Kisha akasikia alichokisema, akainamisha kichwa.

Mkutubi akavuta kigoda, akakaa. "Fundi, uliniuliza kwa nini wale wa kitabuni hawamsukumi mtawala wao. Yule ana macho mawili tu, kama wewe. Hawezi kuchungulia kila nyumba. Kwa hiyo anawafanya watu wachunguzane wenyewe. Anampa mmoja zawadi ndogo kwa kumchongea mwenzake. Mwisho mtu hamwamini hata ndugu yake. Sasa wakubaliane na nani kumsukuma?"

"Na zile picha na nyimbo?"

"Za kumfanya kila mtu adhani amechoka peke yake. Akitazama wenzake, wote wanaimba. Basi naye anaimba, na wenzake wanamwona anaimba. Halafu mtawala anabadilisha maneno. Kuchongea anakuita uaminifu. Woga anauita utulivu."

Baba Pacha akakohoa. "Mimi niliuita nidhamu."

"Ndiyo hivyo. Na watu wakishazoea kunyamaza, habari mbaya haimfikii mtawala. Nchi inaumwa, yeye ni wa mwisho kujua."

"Kwa hiyo mimi ni dikteta?"

Mkutubi akacheka. "Wewe ni baba mwenye upendo mwingi na wazo moja baya. Dikteta hatetemeki kwa mguu wa mtoto."

Doto alirudi ameoshwa kidonda na kuchomwa sindano ya pepopunda. Baba yake alimbeba hadi kwenye kiti cha kifahari, akawaomba msamaha wote wawili. Hakuna tena zawadi ya kumtaja mtu, alisema. Aliyekosea aseme mwenyewe, asaidiwe kwanza. Mwenye kuona hatari aseme upesi, kwa sababu kumwokoa mtu si kumchongea. Hata baba akikosea, aambiwe.

Watoto waliitikia, lakini hawakumwamini sana. Baba Pacha alitafuta kopo la misumari na sumaku ya kupitisha sakafuni.

Mguu wa Doto ulipopona, siku moja mchana, mazoea yalimzidi Baba Pacha. Alikuwa na misumari midomoni tena. Mmoja ukaanguka, ukabiringika chini ya meza.

Kurwa alimtazama Doto. Doto alimtazama Kurwa.

"Baba," Doto alisema, "umedondosha msumari."

Nyundo ikasimama hewani.

"Na mimi nimeona," alisema Kurwa, akisogea karibu na pacha wake.

Baba Pacha alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaitia kwenye kopo. Kisha akapiga magoti, akaingia chini ya meza na sumaku yake.

"Ahsanteni, wanangu," alisema kutoka hukohuko.

Jioni ile alikaa sakafuni mwenyewe, akafungua kitabu. Ilimbidi asubiri. Pacha walibanana kwenye kile kiti kimoja, wakinong'onezana na kucheka, na hawakuwa na haraka ya kunyamaza.