Aliyesema Nakuja

Duka la miwani lilikuwa limefurika, kwani ulikuwa mwisho wa mwezi na mishahara bado ina joto mifukoni. Fundi miwani, binti mrefu aliyevaa koti jeupe juu ya gauni la zambarau, alikuwa akiwaita wateja kwa zamu. Katika haraka ile akamvika kijana mmoja miwani ya bibi kizee.

"Samahani, dada," kijana akasema, akipapasa hewa. "Nakuona watatu, na wote wazuri. Nianze kumsalimu yupi?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi akamvua miwani ile, uso ukimwiva kwa haya.

"Kaka, una kazi gani mbali na kuwachekesha wagonjwa wa macho?"

"Nafundisha chuoni. Nachunguza mashimo meusi ya mbinguni."

"Ya barabarani yametushinda, wewe umerukia ya mbinguni!"

Tangu siku hiyo akaitwa Bwana Mashimo. Naye alimwita fundi Mboni. Maana, alisema, jicho nalo lina shimo lake jeusi, na sura ikishazama humo haitoki.

Jumapili walikaa katika bustani ya manispaa, bega kwa bega.

"Niambie kweli," Mboni akamwuliza. "Mashimo hayo yanaweza kumsafirisha mtu katika wakati?"

"Kwenda mbele, ndiyo. Uzito wa shimo ni mkubwa mno, hata saa iliyo jirani nalo hukokota miguu. Mtu akikaa karibu nalo siku chache, akirudi nyumbani atakuta miaka imekatika."

"Na kurudi nyuma?"

"Zipo hesabu zinazoacha upenyo, njia ya mkato mfano wa tundu la funza ndani ya tunda. Lakini hakuna aliyeuona upenyo huo, na wengi wetu twadhani maumbile yameuziba."

"Na yule aliyeachwa nyumbani?"

"Huyo hajasafiri."

"Hajasafiri, lakini ndiye mwenye mvi!"

Wakacheka, kwa kuwa hawakujua wanacheka nini. Walikuwa wamekwisha kuahidiana ndoa. Hata mtoto ambaye hajatungwa walimpa jina, Kimondo.

Ndipo Bwana Mashimo alipopata kazi kwenye darubini kubwa, nchi ya mbali. Katika uwanja wa ndege alimshika Mboni mikono yote miwili.

"Nakuja, mpenzi."

Ndivyo tusemavyo sote. Miguu inakwenda, kinywa kinasema nakuja, na anayebaki hupewa neno hilo alilalie kama mto.

Mwanzoni simu ililia kila jioni. "Umekula, roho yangu?" "Nimekula, ila sahani ya pili inakuulizia." Baadaye ikawa Jumapili kwa Jumapili, baadaye tena, mara mojamoja. "Kazi imenoga, Mboni. Muda si mrefu." Siku moja Mboni akapiga yeye, akapokea mwanamke: "Yuko kwenye darubini, asisumbuliwe." Alikuwa mfanyakazi mwenzake tu. Lakini Mboni hakuuliza. Akaacha kupokea simu. Naye Bwana Mashimo, badala ya kupanda ndege aje aulize, akajiambia kwamba amechokwa, akarudi kwenye hesabu zake. Kiburi na uvivu wa moyo vikapeana mikono.

Hata hivyo Mboni alingoja, na kungoja huko akakuficha kama kidonda. "Mwanangu," mama yake alimwambia, "kungoja nako ni kazi, ila sijaona aliyelipwa." Mfamasia wa duka la jirani, mtu mwungwana, alileta posa, ikakataliwa, akaoa kwingine. Mama akafariki. Kisha uvimbe ukamshika Mboni tumboni, na madaktari wakamtoa kizazi ili wamwokoe.

Alasiri moja mlango wa duka ukafunguka. Bwana Mashimo aliingia, suti mpya mwilini, usoni miwani ileile ya zamani, mguu mmoja wa miwani hiyo umefungwa uzi.

"Mboni! Hujabadilika hata kidogo."

"Kaa kwenye kiti," akajibu. "Funika jicho la kulia. Soma."

Akasoma mstari wa juu. Wa pili akaanza kubahatisha.

"Miwani hii nilikutengenezea mimi. Ndiyo uliyoitazamia dunia miaka yote hii?"

"Sikupata nafasi ya..."

"Tulia, usitikise kichwa."

Akamvika fremu nzito ya kupimia, akabadilisha lenzi moja baada ya nyingine, mpaka yule bwana akaona vizuri. Akaziona mvi za Mboni kwenye panja, na mikunjo miwili iliyoshuka pembeni mwa mdomo.

"Yule mwanamke wa simu," akasema kwa sauti ndogo, "aliniambia baadaye kwamba ulipiga; hakuwa mtu wangu. Naapa."

Mboni aliitua lenzi mezani. Maneno hayo aliyatamani miaka mingi. Sasa yamefika, yakawa machungu kuliko usaliti wenyewe.

"Kumbe hapakuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu."

"Basi niliachwa kwa ajili ya mashimo tu."

Bwana Mashimo akatoa pete mfukoni. "Turudi pale tulipoachia. Kwangu mimi ni kama jana. Tufunge ndoa, tumpate Kimondo wetu."

"Kimondo ameshapita," Mboni akasema. "Wamenitoa kizazi. Nililala hospitalini peke yangu, mama ameshazikwa. Wewe ni msomi; nijibu bila kunibembeleza. Ile njia ya kurudi nyuma imeonekana?"

Angeweza kudanganya. Aliitazama pete kiganjani, akatikisa kichwa.

"Haijaonekana."

"Ahsante kwa kusema kweli, japo leo."

Akavua koti jeupe, akalitundika. "Mwenzangu atakumalizia kipimo," akasema, akachukua mkoba wake. Bwana Mashimo akainuka na fremu ile puani, macho yamekuzwa na lenzi kama ya mtoto aliyeamshwa usingizini.

"Mboni, unakuja?"

Mkono wa Mboni ulikuwa tayari kwenye kitasa. Neno lile la kumlaza mtu likamjia lenyewe mdomoni, kama linavyomjia kila mmoja wetu mlangoni. Akalimeza.

"Naenda," akasema, akatoka.