Ngazi ya Kwenda kwa Rukia

Kila Ijumaa sisi watu wa Fes, Moroko, huosha sakafu kwa maji na sabuni mpaka vigae ving'ae, ndipo tukae kula kuskusi. Bi Yamna alikuwa hodari wa kazi hiyo. Akimaliza, alipanda juu ya paa kuongea na dada yake Rukia, aliye ng'ambo ya kichochoro. Walianza mazungumzo hayo walipoolewa na hawajayamaliza.

Ijumaa moja alikuwa na haraka. Sakafu ilikuwa bado ina maji, naye kavaa makubadhi. Akateleza, akaanguka kwa ubavu. Nyonga ikavunjika.

Hospitalini walimpasua, wakaunga mfupa. Aliporudi nyumbani, binti yake Ghizlan akamlaza, akamzungushia mito.

"Usinyanyuke, mama."

"Nataka kumwona Rukia."

"Rukia yupo tu, haendi kokote."

"Na mimi siendi kokote. Sasa tutaonana wapi?"

Rukia naye anakaa ghorofa ya juu na ana magoti mabovu, hawezi kushuka mpaka kichochoroni. Kila alasiri aliita kutoka juu ya paa lake: "Yamna! We Yamna!" Bi Yamna alijibu, lakini sauti yake haikufika. Aligeukia ukutani akalia. Nilimsikia nikipita kichochoroni na mkate wangu, roho ikaniuma.

Jirani yao Naima huwazoesha wagonjwa kutembea tena. Alikuja kumjulia hali.

"Mama anasimama?" aliuliza.

"Asimame, avunjike tena?" alisema Ghizlan. "Daktari alisema atembee, mimi nikaona ni ukatili."

"Ukatili ni kumlaza hivi! Misuli inalegea, ngozi inachubuka, damu inaganda mguuni. Mfupa umeshaungwa. Sasa atembee polepole."

"Mimi nina mkosi tu," alisema Bi Yamna.

"Mkosi gani, mama? Wazee wengi sana huvunjika nyonga, hasa sisi wanawake. Tukishakoma hedhi, mifupa hupungua nguvu. Na wengi huangukia nyumbani mwao wenyewe."

Naima akamsimamisha kwa fremu ya kutembelea. Bi Yamna alipiga kelele, akamtukana kidogo, akasogea.

Kuanzia hapo alifanya mazoezi kila siku. Ghizlan aliondoa vijizulia vinavyoteleza, akaweka taa kwenye ngazi, na fundi akafunga chuma cha kushikilia. Sakafu ikawa haikanyagwi mpaka ikauke. Bi Yamna aliletewa dagaa na maziwa vya kuimarisha mifupa, na viatu vya kufunga visivyoteleza.

"Nimekuwa askari sasa," alinung'unika, lakini alivivaa.

Michungwa ilipochanua, Naima alisema mgonjwa wake yuko tayari kupanda paani. Bi Yamna alishika chuma, Ghizlan akiwa nyuma yake, wakapanda na kupumzika, wakapanda tena.

Rukia alikuwa akianika nguo. Alipomwona dada yake, shuka lilimponyoka.

"Yamna wangu! Nakuja hapo ukingoni!"

Bi Yamna alitazama miguu ya dada yake. Makubadhi, na maji ya nguo yametapakaa.

"Simama hapo hapo!" alimpigia kelele, machozi yakimtiririka. "Kavae viatu kwanza, ndipo uje tulie!"